Uzi wa Kijani Chini ya Kola

Batoto bangu, muketi. Mwenye iko na ballon aiweke chini ya benchi, juu ballon ikizunguka mbele yangu, akili yangu nayo inaenda kuzunguka. Mulisema muko na équipe mupya ya mupira, na patron mwenye amewaahidi maillot, jezi za kutoka inje, na munataka Mama Kavira, mwenye alifulia équipe za Butembo mpaka mikono ikageuka hivi, awaambie namna ya kutunza nguo. Nitawaambia. Mais mutanivumilia. Mimi nikianza na sabuni, sijui nitamalizia wapi.

Tuanze na udongo. Udongo mwekundu ya hapa kwetu haipendi maji ya moto. Wengi banakosaka hapo. Bachezaji banarudi, mvua imebapiga, mama anaona maillot nyeupe imekuwa sawa tofali, anashtuka, anamwaga maji ya moto. Eh! Amekwisha kuipika ile udongo ndani ya kitambaa, hata malaika hawezi kuitoa tena. Wewe acha ikauke. Kunywa chai yako. Ikikauka, kung'uta, sugua kidogo na mukono mukavu, kisha maji baridi, kisha sabuni, kisha maji baridi tena. Jasho ya makwapa, limao na chumvi. Namba ya mugongo, hapana pitisha pasi juu yake. Geuza maillot ndani-inje, upige pasi polepole. Njo kazi yote. Miaka yote nilifanya hii tu, na kuangalia ukungu.

Juu ukungu ya Butembo nayo ni ya kuangalia. Asubuhi inashuka mpaka ku kamba. Nilikuwaka naanika maillot nyeupe, narudi kuchukua beseni ya pili, na nikigeuka sizioni tena. Nasikia tu maji inadondoka ku majani, to, to, to. Naketi ku kiti yangu, nangojea. Halafu jua inatoka nyuma ya kilima, na namba zinaanza kutokea hewani moja moja, saba, tatu, kumi, bila mutu ndani yake. Nilikuwa naongea nazo. "Wewe kumi, jana ulianguka sana, pole." "Wewe tatu, ulimuvuta mutu shati, nimekuona." Majirani balisema Mama Kavira ameanza kupoteza kichwa. Aka! Nilikuwa na furaha tu.

Na hapana cheka, maillot inasemaka. Udongo ku mugongo, ule alipigwa. Majani ku magoti, ule aliteleza, ama aliomba Mungu. Gardien, ule wa golini, mwenye amefanya kazi, viwiko bimechafuka na ubavu moja mwekundu kabisa. Match yote nilikuwa naisoma ndani ya beseni mbele radio ya mutaa haijaisema.

Mwenye alinifundisha ni Mama Masika, Mungu amuweke pahali pazuri. Alikuwa anafulia paroko, anafulia mwalimu, anafulia na équipe yetu ya Makaa. Ndiyo, équipe ilikuwa inaitwa Makaa na inavaa nyeupe. Muulize patron mwenye aliichagulia jina, mimi nilikuwa wa sabuni tu. Siku ya kwanza Mama Masika aliniangalia nikipiga nguo ku jiwe, akanishika mukono. "Kavira," akasema, "wewe unafula kama mutu amekamata mwizi. Ile nguo ilikuibia nini?"

Nilikosa mingi. Moja nitawaambia, juu ingine zote zilitoka ndani yake. Jumamosi moja niliweka maillot za Makaa mu beseni moja na kanzu nyekundu za batumishi wa altare. Sikuangalia, nilikuwa nawaza mambo yangu. Nikitoa mukono, équipe yote imekuwa rozi! Rozi ya batoto bachanga. Nikalia. Mama Masika akacheka mpaka akaketi chini. Hapakuwa jeu ingine ya maillot, bakacheza na ile, batu ya Beni bakabazomea tangu mwanzo, na Makaa bakashinda goli tatu. Patron akanitumia mutu kuniuliza kama naweza kuirudia tena mbele ya match ya mwezi ujao.

Baada ya hapo Mama Masika akanifundisha uzi. Banamama ya huku wenye kufula nguo za batu bote banajua. Kila nyumba unaipatia rangi yake ya uzi. Unashona misitari mbili fupi chini ya kola, pahali jicho ya mutu haifiki, na nguo haitapotea tena hata ikichanganyika na za mutaa muzima. Paroko alikuwa uzi nyeusi. Mwalimu, bluu. Patron Muhindo, mwenye Makaa, alikuwa kijani. Shati zake kijani, shuka za bibi yake kijani, maillot za équipe yake kijani.

Sasa muniachie niseme kidogo juu ya Patron Muhindo, juu nyinyi munapenda kusema patron ni mubaya ama patron ni muzuri, na basi. Alikuwa na depot ya sima ya kujengea na ya sabuni. Bahili? Wee! Alikuwa anahesabu vipande ya sabuni mwenyewe, mutu mwenye aliuza sabuni makatoni na makatoni. Mais bwana yangu alipokufa ku njia ya Manguredjipa, familia yake ikanifukuza mu nyumba, na njo huyu bahili alikuja na kusema: "Mama Kavira, nyuma ya parcelle yangu kuko chumba mbili na robinet ya maji. Ingia." Hakuniandikisha kitu. Hakuniomba kitu. Robinet, batoto! Mutu wa kufula, kuwa na robinet yake ku mulango. Niliamka usiku ya kwanza mara tatu kuifungua, kuona kama bado iko.

Donc, siku moja Fuso ya patron inatoka Beni, chauffeur ananishushia mufuko mukubwa. Ndani, maillot za manjano. Ni za Upepo, équipe ya Beni. Akasema: "Patron anasema ufule na hizi." Sikuuliza. Kitu ikitoka mu gari ya patron, ni ya patron. Nikachukua sindano, nikachukua kijani, mukono ukaenda wenyewe. Na kila wiki Fuso inapanda na maillot safi, inashuka na chafu. Kila mutu mwingine angelipa mama wa Beni afule ku Beni. Yeye hapana, na sabuni yake iko Butembo! Ubahili ule njo ulimuangusha.

Juu kwa karatasi, Upepo haikuwa yake. Président aliandikwa Kambale, shemeji yake, fundi wa pikipiki pale Beni, mutu mupole mwenye hakupenda hata ballon. Règlement ya Ligue ilikuwa wazi: mutu moja, équipe moja. Mufuko moja haiwezi kulisha équipe mbili mu division moja, juu siku zitakutana, nani atataka kumushinda mwenziwe? Nyinyi munaziangaliaka match za Ulaya ku écran, munabishana mpaka sauti inakauka juu ya batajiri wenye kununua équipe huku na kule. Munafikiri ni mambo ya mbali. Mimi niliianika ku kamba yangu, nyeupe huku, manjano huku, na upepo ilikuwa inazipeleka pamoja, zinashikana mikono.

Bazee banasemaka ngombe dume mbili hazikai mu zizi moja. Hizi za patron zilikaa, zikakula, na siku ya kupigana moja ikalala chini.

Mwaka ule, équipe ya kwanza ya division yetu njo itapanda kucheza na équipe kubwa za province. Ngano, équipe ya Luofu, balikuwa mbele. Ngano haikuwa na patron. Kila nyumba ya Luofu ilitoa kikapo ya biazi, banauza, bananunua ballon, banalipa camion ya kubapeleka. Mwenye alitoa kikapo njo mwenye équipe, hata mama mujane. Ilibaki match moja tu, Makaa na Upepo, hapa Butembo. Makaa bakishinda goli ine, banapita Ngano. Bakishinda tatu, Ngano inapanda.

Bakashinda goli ine.

Mifuko mbili ikafika kwangu ile jioni. Mvua ilikuwa imenyesha siku muzima, maillot za Makaa zilikuwa nzito na udongo. Nikafungua ya Upepo, nikatafuta ya gardien. Batoto, ilikuwa safi. Mutu aliingizwa goli ine mu mvua, mu udongo yetu, na viwiko yake safi, ubavu safi, kola safi. Nikaishika muda murefu. Nikaitia mu maji, na maji ikabaki vile ilikuwa. Sikusema kitu. Nilikuwa na robinet.

Mwenye alisema ni muke mwingine, na njo hapa uzi inarudi kunitafuta. Capitaine wa Ngano, Paluku, alikuwa amebadilishana maillot na capitaine wa Makaa, halafu na wa Upepo, vile bachezaji banafanyaka match ikiisha. Patron alinuna wiki muzima juu ya zile nguo mbili. Sasa muke wa Paluku, Kahambu, mulimaji wa biazi mwenye naye anafulia batu pale Luofu, alipozifula aliona. Nyeupe na manjano, na chini ya kola misitari mbili ya kijani, mukono moja. Akamuita bwana yake. "Hizi équipe mbili zinalala mu nyumba moja," akamwambia.

Ngano bakaandika barua. Ligue ikaita batu bote, na mimi pia.

Asubuhi ile patron akaja kwangu mwenyewe. Hakuja na hasira. Akaketi ku kiti yangu, nikamupa chai, tukaangalia ukungu pamoja muda murefu, na nilimupenda ile saa, naapa, kama mutu anampenda kaka. Halafu akasema: "Mama Kavira, batakuuliza juu ya uzi. Wewe sema uzi ni uzi."

"Ndiyo, patron," nikasema.

"Kijani inauzwa ku soko yote."

"Ndiyo, patron. Inauzwa."

Akamaliza chai. Akafunga robinet vizuri, juu ilikuwa inadondoka, akaenda.

Mu salle ya Ligue kulikuwa bazee tano ku meza, na mukubwa wao alikuwa directeur wa masomo wa zamani, mwenye kuongea polepole sana. Bakamuuliza shemeji Kambale majina ya bachezaji bake. Maskini, aliyakariri yote kama rozari, hata ya reserve, jasho inamutoka. Karatasi zilikuwa sawa. Mihuri ilikuwa sawa. Halafu bakaweka zile maillot mbili ku meza, bakamuita Kahambu.

Alisimama na matope ya njia bado ku biatu. Alikuja juu ya camion ya makabichi, siku mbili. Akaeleza uzi vile mimi nimewaeleza, vizuri kuliko mimi. Secrétaire wa Makaa, kijana wa cravate ku shingo, akamukata: "Bakubwa, sasa muke wa shamba njo atafundisha Ligue? Kwa uzi ya kushonea vifungo?"

Salle ikacheka. Bote. Hata bazee bawili ku meza. Kahambu akaangalia chini, akaanza kukunja zile maillot, polepole, kola juu ya kola, vile tunakunjaka sisi.

Nitawadanganya nikisema niliwaza haki wakati ule. Hapana! Sikuwaza Ngano, sikuwaza règlement. Niliona tu batu banacheka kazi ya Mama Masika. Damu ikanipanda. Nikajikuta nimesimama, bila kuitwa.

"Munacheka nini?" nikasema. "Wewe wa cravate, ile shati yako nani aliifula? Mimi! Yako ni uzi mwekundu, geuza uone. Huyu mama anasema kweli. Kijani ni ya nyumba ya Patron Muhindo. Shuka yake kijani. Shati yake kijani. Makaa kijani, Upepo kijani. Hata kaptula yake ya ndani ni kijani!"

Bakacheka tena, mais kicheko ile ikafa katikati. Muzee directeur akavua lunettes za macho. Akamugeukia patron, na adabu yote: "Patron Muhindo, samahani. Unaweza kugeuza kola?"

Angeweza kukataa. Angesema hii ni matusi, angetoka, na nani angemukamata? Alikuwa amewauzia sima nusu ya batu wa ile salle. Akaniangalia. Sijui muda gani. Nikasikia mutu inje anapiga kengele yake ya kuuza mukate. Halafu Patron Muhindo akainua mikono mbili ku shingo yake, akageuza kola, akainamisha kichwa ili bazee baone.

Bakafuta ile match. Ngano ikapanda. Upepo ikaondolewa mikononi mwa patron, na Makaa bakashushwa.

Patron hakunitukana hata siku moja, na ile iliniumiza kuliko matusi. Bibi yake njo alikuja, akasema wanahitaji vile vyumba juu ya mafundi. Tulijua bote hakuna mafundi. Nikafunga mizigo. Jamaa moja alinipa chumba hapa juu ku kilima, na maji iko chini ku chemchem, kushuka ni rahisi, kupanda mutanisimulia siku mutazeeka. Kazi ya maillot ikaisha. Président gani atamupa équipe yake mama mwenye anageuzaka batu kola mbele ya Ligue? Nikabaki na kufula nguo za majirani wawili watatu, na hata ile nikaacha.

Sasa munaniuliza na macho yenu, naona, kama sijutii. Nilijuta! Nilijuta kila asubuhi na bidon ya maji ku mugongo. Nilikuwa nasema: Kavira, mutu alikutoa ku njia na ukamuvua nguo mbele ya batu, juu ya nini? Juu ya équipe ya biazi. Nilimwambia Mungu pia, sikumuficha. Na Ngano yenyewe huko juu ilikuwa inapigwa. Match ya kwanza, bakapigwa. Ya pili, bakapigwa. Batu ya mutaa bananiita: "Mama Kavira, équipe yako je?"

Halafu siku moja bakaja kucheza hapa Butembo. Nikashuka, nikaketi ku majani pamoja na batu ya Luofu, camion mbili nzima, na bamama na batoto ku mugongo. Kahambu akanifanyia nafasi, akanipa kiazi ya kuchoma, tukajifunika kitenge moja. Mvua ilikuwa ndogo, ile ya kukaa hewani. Ile équipe kubwa ilicheza muzuri, sitawaficha, ballon ilikuwa inawatii. Ngano balikimbia, bakaanguka, bakaamka. Paluku alipiga moja ku poteau ya goli, tukasimama bote, tukaketi bote. Goli ya kwanza ikaingia, ya pili, ya tatu. Arbitre akapiga filimbi ya mwisho.

Sikutaka kumuangalia Kahambu. Niliwaza camion, makabichi, bikapo, na mimi na bidon yangu. Nikasema chini chini: "Pole sana, dada. Pole ya kweli."

Nikageuka, na alikuwa amesimama, anapiga makofi juu ya kichwa, machozi inamushuka, na batu ya Luofu yote nyuma yake banapiga makofi, na bachezaji banakuja kwetu mu ile mvua na udongo mpaka ku nywele.

"Pole ya nini, Mama Kavira?" akaniambia. "Leo batu bametushinda kweli kweli, hakuna mwenye alilala chini."